Karani wa simuni na amana ya kalamu

Katika nyumba nyingi za Waislamu hivi sasa yumo karani asiyekula wala kulala. Baba anayetaka kumwandikia mwalimu mkuu kuhusu ada iliyochelewa, kijana anayeomba kazi, mama anayetaka kumjibu mwajiri wa bintiye aliyeko Muscat, wote humweleza haja yao kwa maneno machache, naye huwarudishia barua iliyopangika. Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma mwezi Novemba 2022, na msaidizi wa namna hiyo kuingizwa baadaye hata ndani ya WhatsApp, jambo hili limekuwa la kila siku. Sisi katika ofisi ya kamati ya msikiti tunapokea barua nyingi, na aghalabu tunamtambua karani huyo kabla hatujamaliza aya ya kwanza.

Tuseme mapema kwamba hatuoni ubaya katika kusaidiwa kuandika. Mtume (S.A.W.) alikuwa na makatibu, na alipoelezwa kuwa wafalme hawasomi barua isiyo na muhuri, alitengeneza pete ya fedha ya kupigia muhuri. Kufuata adabu ya yule unayemwandikia si kujidhalilisha. Mzazi ambaye Kiingereza chake ni cha kubahatisha, na ambaye kwa haya alikuwa akimeza malalamiko yake yote ya shule, leo anaandika na kujibiwa. Hiyo ni kheri, na wanaomcheka hawamtendei haki.

Lakini yupo pia Zayd bin Thabit, ambaye Mtume (S.A.W.) alimwagiza ajifunze maandishi ya Mayahudi kwa kuwa hakuwa na imani nao juu ya barua zake. Suala hapo halikuwa ufasaha, bali amana. Karani wa simuni si mtu wa nyumbani. Kila tunachomwandikia husafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni yenyewe, aghalabu nje ya nchi, na katika baadhi ya huduma huweza kutumiwa kuifundisha programu hiyo, isipokuwa mtumiaji ameingia kwenye mipangilio na kukataa. Pamoja na hayo, tumeletewa rasimu za malalamiko ya ndoa ambamo mke amekwisha kuisimulia programu maradhi ya mumewe, au mume ameandika mambo ya chumbani kwa majina kamili, mtaa na namba ya simu. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inawabana wanaokusanya taarifa za watu. Haimzuii mtu kuitoa sitara ya nyumba yake kwa mkono wake. Walau aandike "fulani" na "binti fulani". Barua itakamilika vilevile.

Programu hizi hupanga maneno kwa kukisia neno lipi lifuate lipi, kutokana na maandishi mengi mno ziliyofunzwa nayo, na sehemu kubwa ya hayo ni ya Kiingereza. Ndiyo maana Kiswahili chake mara nyingine huja kimevaa nguo za kuazima. Ndugu yetu mmoja alifiwa na mama yake, akapokea kutoka kwa binamu watatu ujumbe wenye maneno yaleyale: "Pole kwa hasara yako." Hasara hupatikana dukani. Kufiwa ni msiba, na Mwislamu huanza kwa kukiri kuwa sisi ni wa Allah na Kwake tutarejea. Mmoja wa binamu hao alikuwa ameongeza hadithi, pamoja na jina la kitabu na namba yake. Tulipokifungua kitabu, namba ile ilihusu jambo jingine kabisa. Waliosoma elimu ya hadithi hufundishwa kuuliza kwanza: umeipokea kwa nani? Karani huyu hana shekhe wala isnadi.

Lililo zito zaidi ni talaka. Lilitufikia shauri la mume aliyekasirika, akaiomba programu imwandikie mkewe "barua kali". Ikampa maneno laini, ya kisheria na yaliyonyooka, kwamba kuanzia siku ile kila mmoja ashike njia yake. Akabonyeza, ikaenda. Mke akafungasha, akarudi kwa wazazi wake na watoto wawili. Mume alipokuja kwetu alishikilia neno moja: si mimi niliyeandika. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa mwambao tunaifuata, talaka ya maandishi huhesabiwa kuwa kinaya, na hukumu yake husimama juu ya nia ya mwandishi. Kwa hiyo shekhe hakumuuliza nani alitunga. Alimuuliza: ulipoyasoma maneno yale na kuyatuma, ulikusudia nini? Yule bwana alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema hakumbuki kama aliyasoma yote. Shauri lao lingali mikononi mwa shekhe, na hatutalisema zaidi ya hapo.

Ofisini kwetu programu hizi zinatumika, hatufichi. Barua za serikali ya mtaa, matangazo ya kusafisha makaburi na mihtasari ya vikao huanzia huko, kisha mjumbe mmoja huvisoma kwa sauti mbele ya mwingine kabla ya sahihi. Linapofunguliwa faili la ndoa au la mirathi, simu huondolewa mezani. Barua za taazia huziandika kwa mkono mzee wetu mmoja mwenye hati nzuri na asiye na haraka, na bado hufika kwa wafiwa kabla siku tatu hazijaisha.