Kutoka ngome ya vita hadi nyumba ya sanaa: Bute nayo yaweza

Sisi wa pwani tumezaliwa tukazikuta ngome. Fort Jesus ilianzwa kujengwa na Wareno mwaka 1593. Waomani waliizingira kuanzia 1696 hadi 1698, ndipo ikaanguka mikononi mwao. Kuanzia 1895 Waingereza wakaigeuza jela, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Ngome ya Lamu nayo ilikaa jela hadi 1984. Na ukivuka hadi Unguja, Ngome Kongwe leo ni uwanja wa tamasha la filamu na la Sauti za Busara.

Kwa hivyo si ajabu kwetu jengo la vita kubadilisha kazi. Jambo ambalo hatujalizoea sana ni jengo la namna hiyo kuwa nyumba ya sanaa ya kisasa, yaani kazi za wasanii wa zama hizi: michoro, picha, sanamu, video.

Mfano unaojulikana sana uko Berlin, Ujerumani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya huko ilijenga ngome ya zege yenye ghorofa tano ili abiria wa reli wajikinge na mabomu. Kuta zake zina unene unaofika mita mbili. Vita vilipokwisha mwaka 1945, jeshi la Urusi likawafungia humo wafungwa. Baadaye ikawa ghala la nguo, kisha ghala la matunda kutoka Cuba, hata wenyeji wakaipachika jina la ngome ya ndizi. Miaka ya 1990 vijana wakaifanya ukumbi wa disko. Mwaka 2003 Christian Boros, mkusanyaji wa sanaa, aliinunua, na mwaka 2008 akaanza kupokea wageni. Kwa kuwa jengo ni lake binafsi, mgeni huingia kwa miadi na kuzungushwa na kiongozi.

Mafundi walilazimika kukata zege ili vyumba vidogo viungane na kazi kubwa zipate nafasi. Lakini alama za zamani hazikufutwa zote. Mgeni hutazama sanaa huku ukuta wenyewe ukimsimulia yaliyopita. Jengo halikuokolewa kwa kufungwa kufuli. Liliokolewa kwa kupewa kazi.

Sasa tuje kwetu Kenya, tuelekee Bute, Wajir Kaskazini, karibu na mpaka wa Ethiopia. Pengine msomaji wa Mombasa atauliza: Bute na vita vya Wazungu wapi na wapi? Basi ajue kwamba Julai 1940 Waitaliano waliokuwa wakiitawala Ethiopia waliiteka Moyale, kisha wakateremka hadi Buna, ambayo iko huko huko Wajir Kaskazini. Desemba mwaka huo majeshi ya upande wa Uingereza, wakiwemo askari wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, yalishambulia El Wak. Februari 1941 vikosi vilivyojipanga ukingoni mwa Mto Tana vikavuka mpaka na kuingia Kismayu. Kaskazini mashariki ilikuwa uwanja wa vita, na watu waliokuwa wakichunga ngamia na kuchota maji visimani ndio waliopitiwa na majeshi hayo.

Waliokuwa watu wazima wakati ule wametutoka. Zimebaki hadithi walizowaachia watoto na wajukuu, na hadithi isiyo na nyumba hupotea.

Nyumba yenyewe hupatikana vipi? Kwanza ni sheria. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inamruhusu Waziri kutangaza jengo la umri wowote kuwa turathi, mradi lina thamani ya kihistoria. Jengo la 1940 si lazima lingoje lifikishe miaka mia tatu kama ngome zetu. Pili ni mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi ya makumbusho na shughuli za utamaduni. Ombi la wazee na vijana wa Bute, basi, laweza kuanzia kwenye vikao vya umma vya bajeti ya kaunti, bila kungoja Nairobi.

Tatu ni matunzo. Kuta nene zina faida katika joto la kaskazini, kwani hupunguza ukali wa jua la mchana. Hata hivyo vumbi na mchwa havina huruma na karatasi wala mbao, kwa hiyo fedha za matengenezo ya kila mwaka zapaswa kutengwa tangu siku ya kwanza.

Nne, na ndilo kubwa, ni vitakavyowekwa ndani. Kina mama wa huko husuka mikeka na vyombo vya maziwa, na hujenga nyumba za kuhamahama kwa mikono yao. Kengele za ngamia huchongwa kwa mbao. Kijana wa Bute anayechora au kupiga picha ana pa kuanzia. Anachokosa ni ukuta wa kutundika kazi yake mahali mama yake anaweza kufika kuiona.

Sisi wa pwani tulirithi ngome na tukajifunza kuzitumia. Wenzetu wa Bute wakiomba chumba kimoja tu cha kuanzia, tusiwaone wanaota. Tuwaunge mkono.