Uwanja wa Mbele wa Nyumba Katika Nyanda za Makonde: Tuanze na Maji

Mwananchi anayehamia katika nyumba yake ya kwanza huko Newala au Mkunya aghalabu amekwisha kumaliza akiba yake kwa kuta na mabati. Uwanja wa mbele hubaki kama mafundi walivyouacha: mchanga mwekundu ulio wazi, vipande vya matofali, na vifereji vilivyochimbwa na mvua. Wengi hudhani kwamba dawa ya ubaya huo ni maua. Katika makala haya tutaeleza kwamba sehemu kubwa ya kasoro hizo ina chanzo kimoja, nacho ni maji ya mvua yasiyoongozwa.

Mvua nyingi, maji haba

Nyanda za Makonde hupata mvua inayokaribia milimita 1,000 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Hata hivyo, juu yake hakuna mito. Tabaka nene za mchanga huyanywa maji na kuyapeleka chini sana, mpaka yatokeze kuwa chemchemi chini ya magenge. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliyaona maji yakitekwa mabondeni na kupandishwa juu kwa vichwa vya watu. Pampu zilipoanza kuyapandisha, kila lita iliendelea kugharimu nguvu. Ni ajabu, basi, kwamba mvua inayoteremka bure juu ya paa huachwa ikibomoe uwanja.

Jinsi uwanja unavyoharibika

Tone kubwa la mvua hufika ardhini kwa mwendo wa mita 9 hivi kwa sekunde. Likipiga udongo usiofunikwa, huzirusha chembe zake, na zile zilizo laini huziba vitundu vya kupitishia maji. Hapo hufanyika ukoko mwembamba, na mchanga uliokuwa tayari kunywa maji huyakataa. Maji hutiririka, hubeba udongo na kuchimba vifereji. Chini ya ukingo wa paa madhara huzidi, kwa sababu maji ya paa zima hudondoka katika mstari mmoja. Msingi hufunuliwa, na ukuta wa matofali ya udongo ukilowa chini huweza kuanguka.

Desturi ya kufagia uwanja si ya kubezwa, maana mahali peupe nyoka huonekana upesi na moto wa nyasi haufikii nyumba. Lakini kufagia eneo zima kila siku huondoa udongo kidogo kidogo. Yafaa kufagia ukanda wa mita 3 au 4 kuzunguka nyumba pamoja na njia, na sehemu nyingine kuifunika.

Utaratibu wa kazi

Kwanza, mvua ya kwanza kubwa inyeshapo, tazama maji yanakotoka na yanakoelekea, kisha pigilia vijiti kuonyesha njia zake. Ramani ya uwanja ndiyo hiyo.

Pili, weka magata na tangi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Paa linalofunika mita 8 kwa 10, mvua ikinyesha milimita 30, hupokea lita 2,400. Tukitoa sehemu moja ya tano inayopotea, hubaki lita 1,920, yaani madebe 96 ya lita 20. Tangi la lita 10,000 likijaa mwishoni mwa masika hutoa lita 55 kwa siku kwa muda wa miezi 6 ya kiangazi. Maji ya mvua ya kwanza yamwagwe, kwa kuwa huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe imara, ili mbu wasizaliane na watoto wasitumbukie. Nalo liwe mbali na choo, upande wa juu wa mteremko.

Tatu, maji yanayozidi yaongozwe kwa mfereji hadi kwenye shimo lililojazwa mawe, mbali na msingi. Vuka mteremko kwa matuta madogo, na juu yake panda ukoka, ambao mizizi yake huushika mchanga.

Nne, ndipo tupande miti. Mwembe au mchungwa mchanga ukipandwa karibu na shimo hilo hupata unyevu kwa muda mrefu zaidi. Mkorosho, kwa kuwa matawi yake hutanda sana, uachwe shambani.

Mwenye fedha kidogo aanze na matuta na ukoka, ambavyo hudai jembe na nguvu tu. Magata yafuate mavuno ya korosho yatakapouzwa, na tangi baadaye. Maua yapandwe mwisho, yamwagiliwe kwa maji yaliyokwisha kutumika kuoshea vyombo.