Usingoje Hofu Iishe Ndipo Uonekane

Karani anayeandika mashairi usiku, mwalimu anayechora, mwanafunzi anayetunga nyimbo: Dodoma wapo, ila wengi hujificha. Swali linalowafunga ni moja: watu watanionaje? Wanaogopa kuitwa wahuni, au kuambiwa wanatafuta kiki. Basi kazi inabaki ndani ya daftari mpaka inazeeka.

Jibu la hofu hiyo limo humu humu katika muziki wa Wagogo, wenyeji wa Dodoma, na limetolewa na wanawake wawili wa ukoo wa Zawose.

Hukwe Zawose, mwanamuziki mzaliwa wa Dodoma, aliitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere miaka ya 1960. Baadaye aliishi na kufanya kazi Bagamoyo, akauzunguka ulimwengu na ala zake, ilimba na zeze, hadi alipofariki Desemba 2003. Wanawake wa familia walikuwepo, lakini nyuma, wakiitikia. Kwa desturi, ala hizo zilikuwa za wanaume, na kuongoza wimbo vilevile. Binti yake, Pendo, na mjukuu wake, Leah, waliitikia hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 2024 wakatoa albamu yao, Maisha, kwa jina la The Zawose Queens. Safari hii sauti za mbele ni zao, tungo ni zao, na ala wanapiga wenyewe.

Hawakuzuka tu. Ile miaka ya kuitikia ndiyo iliyowapa sauti, sikio na uzoefu wa jukwaa. Aliyejizoeza pamoja na wenzake, siku ya kusogea mbele huwa na kitu cha kusimamia.

Ndivyo muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, unavyofundisha. Mwanamke wa Kigogo huibana ngoma katikati ya miguu na kuipiga mbele ya kijiji kizima, lakini hapigi peke yake. Pembeni yake kuna mwenzake mwenye ngoma, na nyuma yao waimbaji. Anatazamwa na wengi, ila amezungukwa na walio wake.

Chamwino nako kuna tamasha la muziki wa Cigogo, yaani wa Wagogo, lililoasisiwa na Dk. Kedmon Mapana, mwana wa huko huko aliyekuja kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Pale vikundi vya vijiji hutumbuizana. Anayekutazama leo, baada ya muda mfupi utamtazama yeye. Jicho la mtu wa namna hiyo halidhalilishi, kwa kuwa linajua jasho la kazi.

Kwa hiyo, wewe mwenye daftari, usianze na umma wote. Tafuta wawili watatu wanaotunga kama wewe, msomeane, mkosoane, kisha msimame pamoja. Hofu itakuwepo, nenda nayo. Nasi wazazi, walimu na wakuu wa kazi tuache kumwita mhuni kila anayethubutu. Mtoto akiimba, tukae tumsikilize mpaka amalize.