Puli ya Krenki kwa Gari Lililoongezwa Nguvu

Puli ya krenki ni gurudumu la chuma lililofungwa kwenye ncha ya mbele ya krenki. Huzungusha mkanda wa altaneta, kompresa ya AC na pampu ya stelingi, na hiyo ndiyo kazi yake inayoonekana. Kwenye injini nyingi ina kazi nyingine iliyo kubwa zaidi, ya kupunguza mtetemo wa kujisokota kwa krenki. Ikishikwa mkononi huonekana kuwa ni vipande viwili: kitovu kinachovaa krenki na pete nzito ya nje, katikati yake ukanda mwembamba wa mpira mweusi. Ndiyo maana mafundi wengine huiita dampa au balansa. Anayenunua puli kwa kuangalia rangi na wepesi wake huenda akaiondoa kazi hiyo ya pili bila kujua.

Kila mwako unapotokea ndani ya silinda, pistoni huisukuma krenki kwa ghafla. Chuma hicho, pamoja na ugumu wake wote, hujisokota kidogo kisha hurudi. Kila krenki ina mwendo wake wa asili wa kujisokota na kurudi, na misukumo ya mwako ikilingana na mwendo huo, mtetemo huzidi kukua, kama bembea inayosukumwa kila inaporudi. Dereva huenda asisikie lolote kwenye usukani. Krenki ndiyo inayoumia: hupata nyufa na beringi zake huliwa. Pale ambapo pampu ya oili huzungushwa na krenki moja kwa moja, kama ilivyo kwa injini za JZ za Toyota, gia za pampu nazo huweza kupasuka, na injini iliyokosa oili haichukui muda kufa. Tatizo hili lilijulikana mapema, injini za silinda sita zilipoanza kuvunja krenki, na mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alibuni dampa yake mwanzoni mwa karne ya 20.

Urefu wa krenki ndio unaoamua mengi. Magari yanayopendwa na vijana wa Kinondoni na Temeke kwa ajili ya kuongezwa nguvu, kama Mark II, Chaser na Altezza ya AS200, yana injini za silinda sita zilizopangwa mstari mmoja: 1G-FE, 1JZ au 2JZ. Krenki ya namna hiyo ni ndefu, hujisokota kwa urahisi zaidi, na inaihitaji dampa kwelikweli. Subaru Impreza yenye injini ya EJ ina silinda nne zinazotazamana mbili kwa mbili, na krenki yake ni fupi na ngumu. Kwa hiyo Impreza iliyofungwa puli nyepesi ya alumini na kutembea miaka mingi bila tatizo si ushahidi kwamba Chaser nayo itapona. Kosa la kuhamisha uzoefu wa injini moja kwenda nyingine ndilo linalogharimu watu injini, na linastahili kukemewa waziwazi.

Kabla ya kufikiria puli ya aina nyingine, puli iliyopo ichunguzwe. Mark II ya umbo la X110 iliundwa kati ya 2000 na 2004, hivyo mpira uliofungwa kiwandani umevuka miaka 20 ya joto na oili. Mpira uliozeeka hukakamaa, hupasuka na kuchungulia nje, na pete huanza kuteleza juu ya kitovu. Kipimo rahisi ni kuchora mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye kitovu, kupita juu ya mpira, hadi kwenye pete. Baada ya siku kadhaa za kuendesha, mstari ukionekana umekatika na vipande vyake havitazamani, puli hiyo imekwisha. Alama ya taimingi iliyo kwenye pete huwa imehama nayo, na fundi akiifuata atapanga moto kimakosa. Dalili nyingine ni pete kuyumba injini ikiwa sailensa, na mkanda kulika upande mmoja. Puli ya mtumba kutoka kwenye maduka ya spea ya Gerezani inaweza kuwa safi kwa nje, lakini mpira wake mara nyingi una umri uleule wa ile inayotolewa.

Puli nyepesi za alumini zisizo na mpira huuzwa kwa ahadi ya kuongeza nguvu. Ukweli ni kwamba hupunguza tu uzito wa kuzungushwa, na kwa kuwa puli ni ndogo kuliko flaiwili, faida yake ni ndogo. Zilizopunguzwa kipenyo huzungusha vifaa polepole zaidi. Kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa saa nane mchana, maana yake ni AC dhaifu na betri isiyochajiwa vizuri. Kwenye Mark X yenye injini ya 4GR hali ni nzito zaidi, kwa sababu pampu ya maji nayo huzungushwa na mkanda huohuo.

Kwa injini iliyofungwa turbo kubwa au inayopelekwa mizunguko mingi kuliko ilivyokusudiwa kiwandani, dampa za mashindano zina maana. Kampuni ya Marekani ya ATI hutengeneza dampa inayotumia pete za mpira zinazoweza kubadilishwa kulingana na injini. Fluidampr, nayo ya Marekani, huweka pete nzito ndani ya kasha lililofungwa na kujazwa silikoni nzito, na hufanya kazi kwenye mizunguko mbalimbali bila kutegemea mpira. Zote mbili zina dampa za 2JZ. Cheti cha SFI 18.1 huonyesha kwamba dampa imepimwa kwa ajili ya kasi za mashindano.

Puli yoyote ilinganishwe na ya zamani kabla ya kulipiwa: tundu la krenki, njia ya kii, idadi ya mifereji ya mkanda, kipenyo na alama za taimingi. Kuingiza kwa nyundo kunaharibu mpira na beringi za krenki, na kasha la silikoni likibonyea, pete ya ndani inaweza kukwama. Kutoa ni kwa pula. Boliti ya 2JZ hukazwa kwa zaidi ya Nm 300, kiasi kinachohitaji spana yenye kipimo. Kukisia kwa bomba refu hakutoshi.

Kwa Mark II, Chaser au Altezza ya silinda sita inayokwenda kazini kila siku, hata ikiwa imeongezwa nguvu kidogo, puli mpya ya kiwandani yenye mpira mzima ndiyo chaguo sahihi. Dampa ya mashindano inunuliwe na mwenye injini iliyojengwa kwa mashindano, na ile ya alumini isifungwe kabisa kwenye krenki ndefu.