Kazi ya wawili, tuzo ya mmoja: Safari ya Venturi na Scott Brown katika usanifu wa majengo na miji

MWAKA wa 1991, mjini Mexico City, msanifu majengo Robert Venturi wa Marekani alitunukiwa tuzo ya Pritzker, inayohesabiwa na wengi kuwa kilele cha heshima katika fani ya usanifu duniani. Mkewe, Denise Scott Brown, hakuhudhuria. Kufikia wakati huo wawili hao walikuwa wamefanya kazi katika kampuni moja, wakichora na kuandika pamoja, kwa zaidi ya miaka 20. Majaji walimtuza mume peke yake, naye mke akaamua kuisusia sherehe.

Kisa hicho hurejelewa hadi leo kila unapozuka mjadala kuhusu ni nani hasa anayestahili kuitwa mwenye jengo. Ili kukielewa, yafaa kutazama jinsi kazi ya wanandoa hao ilivyofumana.

Scott Brown alizaliwa mwaka wa 1931 huko Nkana, eneo la machimbo ya shaba katika nchi ambayo leo ni Zambia, akalelewa Johannesburg, Afrika Kusini. Mamake alikuwa amesomea usanifu katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na bintiye akakua akidhani hiyo ni kazi ya wanawake. Alipojiunga na chuo hicho alishangaa kukuta darasa limejaa wanaume. Utotoni, mwalimu wake wa sanaa alikuwa amemfunza kwamba anayeishi Afrika achore anachokiona Afrika, si mandhari ya Ulaya yaliyomo vitabuni. Funzo hilo la kutazama kilichopo kabla ya kukihukumu lilimfuata kote alikokwenda.

Mnamo 1952 alielekea London kuendelea na masomo, na mwaka wa 1955 akaolewa na msanifu mwenzake, Robert Scott Brown. Miaka mitatu baadaye walihamia Philadelphia, Marekani, kusomea upangaji miji katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mwaka wa 1959 mumewe alifariki katika ajali ya gari. Denise alibaki chuoni, akahitimu mwaka uliofuata na kuajiriwa kama mwalimu.

Hapo ndipo alipokutana na Venturi. Katika mkutano wa wahadhiri mwaka wa 1960 palijadiliwa pendekezo la kubomoa maktaba kongwe ya chuo iliyochorwa na Frank Furness, jengo ambalo wengi wakati huo walilidharau. Scott Brown alisimama kulitetea. Mkutano ulipokwisha, Venturi alimfuata kumwambia kwamba anakubaliana naye kabisa, naye akamuuliza ni kwa nini basi hakusema hivyo mbele ya wenzake. Maktaba hiyo haikubomolewa.

Venturi, mzaliwa wa Philadelphia mwaka wa 1925, alikuwa mwana wa mfanyabiashara wa matunda. Mwaka wa 1964 alikamilisha nyumba ya mamake, Vanna Venturi, ambayo sasa huoneshwa wanafunzi wa usanifu kote duniani. Miaka miwili baadaye alichapisha kitabu kilichopinga itikadi ya usanifu wa kisasa ya kuta tupu na maumbo yasiyo na pambo. Haki itendeke hapa: nyumba hiyo na kitabu hicho vilitangulia ndoa, na waliowatetea majaji wa 1991 hawakukosa pa kushikilia. Hata hivyo, ni katika miaka hiyohiyo ndipo Venturi na Scott Brown walipokuwa wakifundisha somo moja pamoja na kujadiliana takriban kila wazo.

Mnamo 1966 Scott Brown, ambaye sasa alikuwa akifundisha California, alimwalika Venturi waende kuitazama Las Vegas. Wasanifu wa heshima waliukejeli mji huo wa kasino, mabango na taa za neoni. Yeye aliuona kama alivyofunzwa kuitazama mitaa ya Johannesburg, na baadaye aliuita mtazamo wake huo mtazamo wa Mwafrika juu ya Las Vegas. Walioana mwaka wa 1967. Mwaka uliofuata waliwapeleka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale kupima maegesho, kupiga picha na kuchora ramani za mabango. Utafiti huo ulizaa kitabu kilichotolewa 1972, wakishirikiana na Steven Izenour.

Humo waligawa majengo katika makundi mawili. Kundi la kwanza waliliita bata, kutokana na duka moja la kuuza mabata na mayai katika kisiwa cha Long Island, New York, lililojengwa kwa umbo la bata mwenyewe. La pili ni banda lililopambwa: jengo la kawaida linalojieleza kwa maandishi na rangi zilizobandikwa usoni, kama yalivyo maduka mengi ya Afrika Mashariki yaliyopakwa rangi za kampuni za simu. Wao walilipendelea banda. Walidai kwamba majengo mengi ya kisasa yaliyojigamba kuwa hayana pambo yalikuwa mabata makubwa.

Wakati utafiti huo ukiendelea, Scott Brown alikuwa na kazi nyingine mjini Philadelphia. Serikali ilinuia kupitisha barabara kuu katika mtaa wa South Street, uliokaliwa zaidi na Wamarekani weusi wa kipato cha chini. Tishio hilo lilikuwa limeshusha thamani ya nyumba na kuwatia wafanyabiashara hofu kabla hata ya tingatinga kuwasili. Wakazi walihitaji mtaalamu wa kuandaa mpango mbadala, na kuanzia 1968 Scott Brown akawa upande wao. Waliomwendea walisababu kwamba mtu anayeweza kuipenda Las Vegas hatajaribu kuusafisha mtaa wao kwa kuwaondoa wenyewe. Katika miaka ya 1970 mpango wa barabara hiyo ulitupiliwa mbali.

Labda hapa ndipo penye kiini cha mgogoro wa tuzo. Kazi bora ya mtaalamu wa miji yaweza kuwa barabara ambayo haikujengwa, na jambo kama hilo halipigwi picha likawekwa kwenye jalada la jarida. Ndani ya kampuni yao, Scott Brown ndiye aliyeongoza mipango ya miji na ya vyuo vikuu. Aliichukulia korido ya jengo kama barabara ya mji, akichunguza watu watapita wapi na watakutana wapi kabla ukuta haujachorwa. Anayelitazama jengo kwa nje haoni hayo.

Venturi mwenyewe alikuwa ameandika katika kitabu cha Las Vegas kuwasihi wahakiki wasimhesabie yeye pekee kazi hiyo. Wengi walimpuuza. Mwaka wa 1975 Scott Brown aliandika insha kali juu ya ubaguzi wa kijinsia katika taaluma hiyo, akieleza jinsi wateja walivyokereka kumwona mikutanoni mtu waliyemchukulia kuwa mke wa msanifu tu. Aliizuia isichapishwe kwa kuhofia kuidhuru kampuni. Ilitoka 1989, miaka miwili kabla ya tuzo.

Mwaka huohuo wa 1991 ndipo lilipofunguliwa jengo lao maarufu zaidi, upanuzi wa Jumba la Taifa la Sanaa jijini London. Ukuta wake unaotazama Trafalgar Square una nguzo zilizosongamana karibu na jumba la zamani, kisha zinafifia kadiri mtu anavyokwenda mbali.

Mnamo 2013 wanafunzi wawili wa kike wa Chuo Kikuu cha Harvard walianzisha ombi la kutaka Scott Brown aongezwe kwenye tuzo ya 1991. Maelfu walitia saini, Venturi akiwa miongoni mwao. Jopo la Pritzker lilikataa, likisema majaji wa sasa hawana mamlaka ya kuufungua upya uamuzi wa waliowatangulia. Jibu hilo lilifuata utaratibu, ila halikugusa swali lenyewe: maelezo rasmi ya 1991 yalikuwa yamemtaja Scott Brown kama mshirika katika maandishi na majengo yaliyosifiwa.

Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani ilichukua njia tofauti. Mwaka uleule wa 2013 ilibadilisha kanuni zake ili nishani yake ya dhahabu iweze kutolewa kwa watu wawili wanaofanya kazi pamoja. Ya mwaka wa 2016 waliitwaa Scott Brown na Venturi, miaka miwili kabla ya Venturi kufariki Septemba 2018 akiwa na umri wa miaka 93.