Kula kwa Wahindi Mjini: Thali, Biriani au Mchuzi wa Kushirikiana?

Kinachopandisha bili kwenye migahawa ya kawaida ya Kihindi ya Kisutu na Upanga, Dar es Salaam, mara nyingi si kuku wala mbuzi, ni namna ya kuagiza. Watu wanne huketi, kila mmoja akaagiza mchuzi wake, wali wake, naan yake na soda yake, kama tulivyozoea kwa mama lishe ambako sahani moja ni ya mtu mmoja. Jiko la Kihindi halipangi hivyo. Mchuzi huletwa kwenye kibakuli cha shaba kinachoonekana kidogo, lakini kimeenda chini na rojo yake ni nzito. Watu wawili wenye wali na mkate hukimaliza kwa shida.

Tupige hesabu kwa bei za mfano, maana kila mgahawa una zake. Mchuzi wa kuku shilingi 16,000, wali 5,000, naan 3,000, soda 2,000. Kila mtu akijiagizia, wanne hao watalipa 104,000. Sasa wabadilishe: kuku mmoja wa 16,000, paneer moja ya 14,000, daal moja ya 10,000, sahani mbili za wali, naan sita na chupa mbili kubwa za maji kwa 4,000. Jumla ni 72,000, kila mtu 18,000 badala ya 26,000, na meza imekuwa na ladha tatu badala ya moja. Ndiyo maana nasema mgahawa wa Kihindi ni mahali pa kwenda kwa kundi.

Aliye peke yake ashike thali. Kwenye sinia moja anapata chapati nyembamba, wali kidogo, daal, mboga za aina mbili, mtindi, achari, papad na mara nyingi kitu kitamu cha kumalizia. Ukiikuta kwa 15,000 wakati mchuzi mmoja na wali wake na naan yake ni 24,000, hapo hakuna cha kufikiria. Uliza jambo moja tu kabla ya kukaa: je, wanaongeza? Migahawa ya Kigujarati ya wasiokula nyama ina desturi ya kupita na ndoo ndogo za daal na mboga wakikuongezea mpaka useme basi, lakini si wote hufanya hivyo, na wengine huongeza daal na wali tu. Thali ni chakula cha mchana. Ukienda saa mbili usiku unaweza kuambiwa imekwisha.

Biriani nayo humfaa mtu mmoja au wawili, kwa sababu bei yake imebeba wali, nyama na kibakuli cha mtindi kwa pamoja. Lakini ajue anachonunua. Biriani yetu ya pwani, ile ya Ijumaa, hupakuliwa wali mbali na masala yake mazito mbali. Ya Kihindi hupangwa tabaka kwa tabaka ndani ya sufuria na kufunikwa iive kwa mvuke, hivyo rojo ni kidogo. Apendaye kulowesha wali aongeze daal moja badala ya mchuzi kamili. Naiona biriani moja na daal moja kuwa mlo mzuri wa watu wawili wasio na njaa kali.

Wengi huamini kuwa kukimbia nyama ni kuokoa fedha. Kwa daal, viazi, bilinganya na dengu ni kweli kabisa. Kwa paneer si kweli. Paneer ni maziwa yaliyokatwa kwa ndimu au siki, yakachujwa na kukandamizwa. Lita moja hutoa takriban gramu 150 hadi 200 tu. Ndiyo maana kwenye menyu hukaa jirani na kuku. Iagize kwa kuipenda. Vivyo hivyo kuku asiye na mfupa hugharimu zaidi ya mwenye mfupa, ilhali mfupa ndio unaoipa rojo utamu. Korma na michuzi mingine myeupe hulainishwa kwa korosho na krimu, hivyo mwenye mzio wa korosho amwambie mhudumu mapema, bila kuona haya.

Halafu naan. Ukipata meza inayotazama tanuri, kaa hapo. Mpishi huupiga unga kwenye ukuta wa ndani kwa kitambaa kilichojazwa pamba, dakika mbili hazifiki anaung'oa kwa chuma kirefu, umevimba na una madoa meusi. Ukiwa wa moto hakuna mkate unaoushinda. Ukipoa unakuwa mgumu kama ngozi. Kwa hiyo usiagize nane kwa mpigo. Agiza mbili mbili, ziletwe za moto, na utagundua kuwa meza imeshiba kabla hazijafika sita. Chapati ya kawaida ni nafuu kuliko naan, na naan ya kitunguu saumu au siagi hupanda tena kidogo.

Kwa anayetaka kutumia kidogo zaidi, jioni za mjini zina njia nyingine: kuku wa sekela na mishkaki kwenye makaa, kwa ukwaju na pilipili, ukikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa barabara. Hapo hulipii kiyoyozi wala kitambaa cha meza. Hupati mboga za maana, na kelele ni nyingi, lakini kuku ni yule yule, pengine bora. Asubuhi kuna chai ya maziwa, kachori na bhajia.

Kubeba nyumbani kuna faida ukinunua mchuzi peke yake na kupika wali wako. Naan isafirishwe tu kama ni karibu. Ndani ya kifungashio mvuke huifanya ilowe. Ulizia pia kama kifungashio kinalipiwa.

Mwisho ni kodi. Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18, na kuna menyu zinazoandika bei bila hiyo, kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Kwa kiwango hicho, ile meza yetu ya 72,000 itafika 84,960. Kabla ya kulinganisha mgahawa na mgahawa, hakikisha unalinganisha bei zilizokwisha kujumlisha kodi, la sivyo ulioonekana rahisi ndio utakaokuwa ghali. Bakshishi ni hiari yako; kama bili ina mstari wa malipo ya huduma, umeshaitoa. Nao mstari huo uusome ukiwa bado umeketi, si ukiwa mlangoni, na risiti ya EFD uidai hata kama umelipa kwa simu.