Kutetemeka si uzee tu

James Parkinson alizaliwa Hoxton Square, mashariki mwa London, na huko huko alifanya kazi ya udaktari. Mwaka 1817 alichapisha kijitabu kilichoeleza wagonjwa 6 waliotetemeka mikono huku nguvu za misuli zikipungua. Baadhi yao hakuwahi kuwatibu. Aliwaona tu barabarani, wameinama mbele, wakienda kwa hatua fupi za haraka. Hakupata kuuona ubongo wa hata mmoja wao.

Leo ubongo wa wagonjwa kama hao unaonekana. Taasisi ya Queen Square, chini ya chuo kikuu cha UCL, huhifadhi ubongo wa watu walioridhia kuutoa baada ya kufa. Ukikata ubongo wa kati wa mzee asiye na ugonjwa huo, uliopewa jina la Parkinson, utaona kwa macho matupu mstari mweusi kila upande. Kwa mgonjwa wa Parkinson mstari huo umefifia. Weusi ule ni rangi iliyomo ndani ya seli za neva zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo. Mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo imeshakufa.

Kwa nini hizo? Kwanza, hazizaliani, ulizozaliwa nazo ndizo hizo mpaka uzeeni. Kila moja ina matawi mengi mno na hufanya kazi usiku na mchana, kwa hiyo inakula nishati nyingi. Umri ukisogea, mitokondria zinazoipa nishati huchoka, uondoaji wa taka hupungua, na protini iitwayo alfa-sinuklini huanza kuganda mabonge. Lakini wazee wengi hupitia sehemu ya hayo na hawaugui. Lazima kuna kingine.

Ubongo una sungusungu wake, seli ziitwazo maikroglia. Hulinda doria, hula mabaki ya seli zilizokufa na kumwaga kemikali za kupambana na adui. Hiyo ndiyo inflamesheni, na bila yake tusingepona jeraha. Shida ni kwamba sungusungu waliozeeka huamka upesi na hukawia kutulia. Mwaka 1988 Patrick McGeer na wenzake, Vancouver, waliwakuta wamejaa katika eneo lile jeusi la wagonjwa. Je, walikuja kuzika au ndio waliokuwa wakiua?

Jibu zito kuliko yote, kwa maoni yangu, lilitoka California. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijana kadhaa walijidunga heroini bandia yenye sumu ya MPTP, wakakakamaa kama wagonjwa wa Parkinson ndani ya muda mfupi. Watatu kati ya waathirika wa sumu hiyo walikufa kati ya miaka 3 na 16 baadaye, na ripoti ya mwaka 1999 ilionyesha maikroglia zao bado zinachacharika. Sumu ilikuwa imeshaondoka zamani. Inaelekea inflamesheni ikishaanza inaweza kujiendesha yenyewe.

Ndiyo maana kukarabati ni kugumu. Seli changa zilizopandikizwa kwenye ubongo wa wagonjwa ziliishi na kutoa dopamini, lakini mwaka 2008 watafiti waliripoti kuona mabonge yale yale ndani ya baadhi yake, zaidi ya miaka 10 baada ya upasuaji. Seli mpya zilikuwa zimeingia katika mtaa mbovu. UCL nayo ilijaribu eksenatidi, dawa ya kisukari iliyotarajiwa kupoza inflamesheni. Mwaka 2017, kwa wagonjwa wapatao 60, matokeo yalitia moyo. Jaribio kubwa la wagonjwa 194 kwa wiki 96, lililochapishwa mwaka 2025, halikuonyesha faida. Inauma, lakini ni heri kujua.

Kwa hiyo hakuna dawa inayofufua seli hizo. Ipo levodopa, inayoziba pengo la dopamini na kumrudishia mtu mwendo wake kwa miaka. Hata hiyo huwapita wengi: utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, uligundua wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Nasi tulioko London husema "uzee huo" na kumwacha mzee ndani. Ukiona mkono wa babu au bibi unatetemeka ukiwa umetulia, zaidi upande mmoja, hatua zimefupika na mwandiko umekuwa mdogo, mpeleke kwa daktari wa familia (GP), na uombe aonwe na daktari wa neva.